Sululu

Kibao langoni kinaomba kwa adabu: piteni mmoja mmoja,
majani haya ni chakula cha kondoo mwezi wa Januari.
Basi tukajipanga, mimi na Hilary,
yeye mbele na goti lake bovu,
mimi nyuma na viatu vya kuazima
vilivyojaa umande tangu hatua ya kumi.

Ni wiki ya kwanza ya Juni. Usiku wa manane jana
mbingu ilikuwa bado na weupe ukingoni,
kama sufuria ambayo haikusuguliwa vizuri.

Konde lote limechanua. Sikudanganyi:
manjano juu ya zambarau juu ya manjano,
na nyuki-bambi, mnene kama mama wa bwana harusi,
anajisukuma ndani ya ua lisilomtosha.
Ua linainama. Yeye hajali.

Hilary alipika shuleni miaka thelathini na mmoja.
Maua anayaita kama watoto kwenye foleni ya chakula:
huyu mpole, huyu mchokozi,
huyu usimwamini, ananyonya mizizi ya jirani.
Yupi? Ananyoosha fimbo:
kiua cha manjano, mdomo kama wa kasuku.
Mwezi wa saba, anasema, kitakauka,
mbegu zitalia ndani ya ganda ukipita,
na hapo mkulima anajua nyasi zimeiva.
Kayamba, nasema.
Vipi?
Kayamba.
Analitia neno mdomoni, analitema, analirudia.
Mnyonyaji, ndiyo, lakini asipokuwapo
nyasi zitameza konde zima na maua yasionekane.
Kumbe hata kupe ana zamu yake.

Kwenye pembe ya ukuta, sungura.
Masikio marefu, ncha nyeusi, jicho la kahawia.
Nikangoja aseme kitu.
Tangu utotoni sijawahi kumkuta akiwa kimya.
Akanitazama, akaona sina hadithi, akaenda zake.

Mbayuwayu wanaingia na kutoka kwenye banda la mawe.
Juu yao sitasema neno;
kila mgeni wa nchi hii ameshawasemea.

Kisha sauti.
Si wimbo. Ni maji yanayochemka ndani ya filimbi,
yanapanda, yanapanda,
yanafurika.
Ndege wa rangi ya udongo, mdomo mrefu uliopinda chini,
akatuzunguka vichwani mara tatu.
Anatufukuza, alisema Hilary. Ana makinda. Usisimame.
Kwenu anaitwaje?

Sululu.
Nikamweleza kwamba neno hilohilo
ni mpini na chuma kilichopinda;
baba alikuwa nalo nyuma ya mlango kule Korogwe,
alichimbia vyoo vya nusu ya mtaa.

Hilary akasimama. Yeye aliyenikataza, akasimama.
Akaelekeza fimbo kilimani, kwenye kovu la kijivu
ambapo hadi leo hapaoti kitu.
Babu wa baba yake alichimba risasi mle ndani,
miaka ishirini, mshumaa kwenye kofia,
na sululu.
Mapafu yaliisha kabla ya mwamba.
Jumapili, walisimulia, alikaa juu ya ukuta huu
akimsikiliza huyu.
Huyuhuyu?
Huyu, au bibi wa bibi wa huyu.

Ndege akapiga kelele tena, karibu zaidi,
hana habari na majina yetu.
Tukaondoka upesi, goti bovu na viatu vya maji,
tukapenya kwenye mwanya mwembamba wa mawe
ambao ng'ombe hawezi kuupita, nami kwa taabu.

Usiku nikavua soksi:
chavua ya manjano hadi kwenye vifundo,
na mdudu mmoja wa kijani, miguu mingi kuliko haja,
aliyepanda nami basi hadi Darlington
bila tiketi.
Nikamtoa dirishani, ghorofa ya tatu,
juu ya mvinje wa jirani.
Jina lake sikulijua
kwa lugha yoyote.